Mgonjwa Haulizwi Uji

Wahenga wetu walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana ya methali hii ni nyepesi: ampendaye mgonjwa hangoji kuombwa, hupika, hupoza, hupeleka. Katika miji na mashamba ya Afrika ya Mashariki, toka zamani mpaka leo, chakula ndicho salamu ya kwanza apewayo mgonjwa, na ndicho dawa ambayo kila jamaa, msomi na asiye msomi, hujiona ana haki ya kuitoa. Mtu aliyelazwa hospitali huletewa uji asubuhi, supu adhuhuri na matunda jioni. Na asiyeletewa kitu huhesabiwa kuwa hana mtu.

Walakini uko ugonjwa mmoja ulioigeuza methali hiyo. Ugonjwa huo ni saratani ya damu. Mwenye saratani ya damu huulizwa uji: umepikwa na nani, kwa maji gani, saa ngapi, na umekaa wapi tangu ulipoepuliwa. Chakula kiwezacho kumsumbua mtu mwenye afya kwa siku moja, na kesho yake akasahau, chaweza kumwua mgonjwa huyu kabla ya juma kwisha. Katika insha hii nataka kueleza jinsi elimu ya jambo hilo ilivyopatikana, makosa yaliyotendeka njiani, na mafunzo tuwezayo kuyachuma sisi ambao bado tunawapelekea wagonjwa wetu chakula kwa mikono yetu wenyewe.

Historia yenyewe yaanza mwaka 1845. Katika mwaka huo waganga wawili, mmoja wa Edinburgh na mwingine wa Berlin, waliandika habari za maiti walizozipasua wakaona ajabu moja: damu yao haikuwa nyekundu kama damu ya watu wote, bali ilikuwa na weupe mfano wa usaha. John Hughes Bennett wa Edinburgh alidhani kwamba ni usaha hasa. Rudolf Virchow wa Berlin, kijana wa miaka 24, alikataa. Yeye alisema kwamba weupe ule ulikuwa wa chembe nyeupe za damu zilizozidi kiasi; na mwaka 1847 akaupa ugonjwa huo jina lililotokana na Kiyunani, lukemia, maana yake damu nyeupe. Virchow alisema kweli. Lakini hata katika kosa la Bennett mlikuwa na kivuli cha kweli, kwa maana usaha na homa ni marafiki wa karibu wa ugonjwa huo, na miaka mingi ilipita kabla watu hawajajua sababu ya urafiki wao.

Sababu hiyo ilianza kuonekana upande mwingine kabisa. Mwaka 1882, katika mji wa Messina kando ya bahari ya Sicily, mtaalamu wa Urusi aliyeitwa Élie Metchnikoff aliwachoma watoto wa kiti cha pweza kwa mwiba wa waridi. Watoto hao ni wadogo na miili yao huangaza kama kioo, hata yaliyo ndani huonekana kwa hadubini. Asubuhi yake aliona mwiba umezungukwa na chembe zitembeazo, kama mchwa wauzungukavyo mti mkavu. Alitambua kwamba chembe hizo ni walinzi, na kwamba kazi yao ni kumeza kila kiingiacho mwilini bila ya ruhusa. Kwa elimu hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1908. Tangu hapo ilijulikana kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili.

Hapo kikazuka kitendawili. Ikiwa chembe nyeupe ni askari, na mwenye lukemia anazo nyingi kupita watu wote, kwa nini yeye ndiye ashindwaye upesi na maradhi mengine? Jibu ni kwamba wingi si nguvu. Chembe nyingi za lukemia, hasa lukemia ile kali, ni changa zisizokomaa. Ni watoto waliovishwa mavazi ya askari. Hawajui kupigana, na zaidi ya hayo huujaza uboho wa mifupa, mahali ambapo askari wa kweli huzaliwa, hata hao wa kweli wakakosa nafasi. Limfoma na mieloma, ambazo ni ndugu wa lukemia katika ukoo wa saratani ya damu, nazo huuharibu ulinzi, kila moja kwa njia yake.

Sasa na tuwatazame maadui. Mwaka 1888, katika mji wa Frankenhausen nchini Ujerumani, ng'ombe mgonjwa alichinjwa na nyama yake ikaliwa. Watu zaidi ya 50 waliugua na mmoja akafa. August Gärtner aliichunguza nyama ile pamoja na maiti ya marehemu, akakuta kiini cha namna moja mahali pote pawili. Huo ulikuwa mmoja wa ushahidi wa kwanza ulio wazi kwamba bakteria aweza kusafiri katika chakula kutoka mnyama mpaka mtu. Jamii ya bakteria hao baadaye iliitwa Salmonella, kwa heshima ya Daniel Salmon, mganga wa wanyama wa Marekani.

Adui wa pili alijificha zaidi. Mwaka 1924 sungura wa maabara ya Cambridge walikufa ghafula. E. G. D. Murray na wenzake wawili walikamata kiini kilichowaua, na katika makala yao ya mwaka 1926 walikiita kwa jina lililotokana na alama kilichoiacha katika damu, yaani kuzidi kwa chembe nyeupe za namna moja ziitwazo monositi. Haukupita muda, mwaka 1927, J. H. Harvey Pirie wa Johannesburg alikuta kiini hichohicho katika panya wa porini wa Afrika ya Kusini. Pirie alikipa jina la Joseph Lister, mpasuaji wa Uingereza aliyewafundisha waganga usafi wa jeraha; na mwaka 1940, kwa kuwa jina la kwanza lilikuwa limekwisha kutumiwa kwa viumbe vingine, alilibadili likawa Listeria. Hivyo jina la mtu aliyepigania usafi maisha yake yote limebandikwa juu ya kiini kipendacho uchafu. Msomaji alikumbuke jina la Johannesburg, kwa maana tutarudi huko.

Listeria ana tabia moja iliyomtenga na wenzake. Baridi ya jokofu, ambayo huwalaza bakteria wengi wa chakula, haimlazi yeye. Huendelea kuzaana humo polepole, wala harufu ya chakula haibadiliki. Moto humwua, na maziwa yaliyochemshwa vizuri huwa salama naye. Lakini kwa muda wa miaka zaidi ya 50 alijulikana zaidi kuwa maradhi ya kondoo na ng'ombe, na mara chache ya watoto wachanga na wazee. Njia aliyoipitia kuwafikia watu haikuwa imethibitishwa.

Wakati huohuo tiba ya lukemia ilikuwa ikizaliwa. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba watoto 10 katika 16 aliowapa dawa iitwayo aminopterini walipata nafuu. Nafuu ilikuwa ya muda tu, na yeye mwenyewe alisema hivyo. Lakini mlango uliokuwa umefungwa tangu siku za Virchow ulikuwa umefunguka. Dawa nyingine zilifuata. Dawa hizo hazikuwa na macho ya kuchagua. Ziliua chembe mbaya na chembe njema pamoja, kama moto wa shamba uteketezavyo magugu na miche. Kwa majuma kadhaa baada ya tiba uboho hubaki mtupu, na damu haina askari. Tena dawa hizohizo huchubua ngozi laini ya kinywa na utumbo. Ukuta unaotenga chakula na damu hupata nyufa wakati uleule ambapo mlinzi wa ukuta hayupo.

Waganga wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, iliyoko Bethesda, ndio waliolipima jambo hili kwa hesabu. Waliwachunguza wagonjwa 414 wa lukemia kali waliokufa baina ya mwaka 1954 na 1963, na katika mwaka 1965 wakaeleza kwamba maambukizo na kutoka damu ndivyo vilivyowaua wengi wao. Mwaka 1966 Gerald Bodey na wenzake walitoa makala nyingine, iliyo fupi na mashuhuri mpaka leo. Waliwafuata wagonjwa 52 na kuhesabu chembe nyeupe za namna ya neutrofili, ambazo ndizo askari wa mbele. Mtu mwenye afya aghalabu huwa nazo elfu moja na mia tano au zaidi katika mikrolita moja ya damu, ingawa watu wengi wenye asili ya Afrika huwa nazo chini ya hapo bila ya ugonjwa wowote. Bodey alionyesha kwamba zikishuka chini ya 1,000 hatari huanza kupanda; zikifika chini ya 100 hatari ni kubwa sana; na kadiri zinavyokawia kurudi ndivyo hatari inavyozidi. Kwa mara ya kwanza mganga aliweza kutazama tarakimu moja na kujua ni siku zipi mgonjwa wake yu uchi.

Elimu hii haikubaki Marekani. Tangu mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alikuwa ameuambia ulimwengu habari za uvimbe wa mataya ya watoto wa Afrika, ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1967 kituo cha kuutibu kilifunguliwa Kampala kwa ushirikiano wa Uganda na taasisi ileile ya Bethesda, nacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Watoto wengi walipona huko kwa dawa. Kwa hiyo mambo ninayoyaeleza si habari za ng'ambo tu. Sehemu ya historia ya saratani ya damu iliandikwa karibu na ziwa letu.

Hesabu ya Bodey ilipojulikana, waganga walijaribu kumtenga mgonjwa na kila kiini. Walijenga vyumba vya nailoni na vyumba vyenye upepo uliochujwa. Walimnywesha dawa za kuua bakteria wa tumboni. Na chakula chake walikipika mpaka kikakosa uhai wote, au walikipitisha katika mionzi, wakampa kwa mikono yenye mifuko. Ilikuwa nia njema, tena ilikuwa na sababu. Mwaka 1969 watafiti wa London walieleza kwamba bakteria aitwaye Pseudomonas, muuaji mkubwa wa wagonjwa wa lukemia siku zile, yamkini huwafikia wagonjwa kwa njia ya chakula cha hospitali. Mwaka 1972 wenzao wa Pittsburgh walimkuta katika mboga mbichi zilizoletwa jikoni mwa hospitali, hasa nyanya, wakakisia kwamba mgonjwa alaye saladi aweza kumeza maelfu ya bakteria hao kwa mlo mmoja. Mwaka 1981 waganga wawili mashuhuri, Jack Remington na Stephen Schimpff, waliandika makala fupi ya kuwasihi wagonjwa wasio na kinga wasile saladi.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi iliyoenea hospitali nyingi za dunia: mgonjwa ambaye neutrofili zake zimeshuka asile tunda bichi, asile mboga mbichi, asiletewe hata maua. Na tuiangalie desturi hiyo kwa jicho la mwanahistoria. Ushahidi wake ulikuwa gani? Ulikuwa kwamba bakteria wapo katika nyanya. Hakuna mtu aliyekuwa ameonyesha kwamba mgonjwa anyimwaye nyanya huugua kidogo kuliko mgonjwa apewaye. Kutoka jambo la kwanza mpaka la pili ni hatua ndefu, na hatua hiyo ilirukwa.

Yaliyotukia mwaka huohuo 1981 yaliipa hofu nguvu mpya. Katika mikoa ya pwani ya mashariki ya Kanada watu 41 walipatwa na Listeria. 34 katika hao walikuwa wanawake wajawazito au watoto wao wachanga. Walter Schlech na wenzake waliwauliza walikula nini, wakafuata nyayo mpaka kwenye saladi ya kabichi iliyotengenezwa kiwandani. Kabichi zilitoka kwa mkulima aliyefuga kondoo na kurutubisha shamba kwa samadi yao; kondoo wake wawili walikuwa wamekufa kwa maradhi ya Listeria. Na kabichi hizo ziliwekwa ghalani katika baridi majira yote ya kipupwe, nayo baridi, kama nilivyosema, haimlazi Listeria. Makala yao ya mwaka 1983 ndiyo iliyothibitisha kwamba kiini kile cha Murray na Pirie husafiri katika chakula. Halafu mwaka 1986 ikatolewa habari ya wagonjwa 20 wa hospitali nane za Boston walioambukizwa Listeria mwaka 1979. Wengi wao walikuwa na kinga dhaifu. Mboga mbichi zilishukiwa, na pia dawa za kutuliza tindikali ya tumbo, kwa kuwa tindikali hiyo ni mlinzi wa kwanza wa chakula tukilacho.

Lakini katika habari ya Listeria mlikuwa na fundisho ambalo wengi hawakulishika. Mwaka 1962 George Mackaness alikuwa ameonyesha, kwa kuwatumia panya, kwamba kinga ya kumshinda bakteria huyu haimo katika maji ya damu. Imo katika chembe zenyewe. Listeria hujificha ndani ya chembe za mwili, na wamtoao mafichoni ni limfositi za namna ya T pamoja na chembe wazichocheazo. Kwa sababu hiyo humwandama zaidi mwenye limfoma, na mwenye lukemia ya muda mrefu aliyepewa fludarabini pamoja na dawa za steroidi, hata kama neutrofili zake ni za kutosha. Wakati hospitali zinahesabu neutrofili na kukataza matunda mpaka hesabu ipande, mgonjwa mwingine, ambaye hesabu yake yaonekana njema, aliruhusiwa kwenda nyumbani kula jibini ya maziwa mabichi. Walinzi wa mwili ni wengi, na kila mmoja ana lango lake. Lango lililofungwa halilindi lile lililoachwa wazi.

Naomba msomaji aniwie radhi nikisema neno moja la nyumbani. Mwaka 2004 shangazi yangu, aliyenilea tangu utotoni, alipatwa na lukemia akalazwa. Ukutani mwa wodi ilibandikwa karatasi ya vyakula vilivyokatazwa, na matunda mabichi yalikuwa ya kwanza. Ulikuwa msimu wa maembe. Shangazi aliomba embe dodo, akasema, "Mwanangu, embe halijapata kuniua tangu nilipokuwa mtoto." Nilimjibu, "Shangazi, madaktari wamekataza." Hakuomba tena. Jioni ileile tulimletea wali wa jana uliopashwa moto, uliokuwa umelala katika sufuria juu ya meza, kwa sababu karatasi haikuutaja wali. Sisemi kwamba wali ule ulimwua, kwa maana sivyo. Alikufa kwa ugonjwa wake mwezi wa pili baadaye. Nasema tu kwamba tulimnyima kisichokuwa na hatari kubwa, tukampa chenye hatari, na tulifanya yote mawili kwa mapenzi na kwa utii.

Maana habari za wali ni hizi. Yuko bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili maji yanayochemka. Wali ukipikwa na kuachwa katika joto la chumba, mbegu huamka na kuzaana, na baadhi yao hutoa sumu ambayo moto wa kupasha hauiondoi. Jambo hili lilijulikana Uingereza tangu miaka ya 1970, watu walipougua kwa wali wa kukaanga wa mahoteli. Kwa mtu mwenye afya huleta kutapika na kuharisha, kisha hupita. Kwa mgonjwa wa lukemia bakteria huyo ameripotiwa kuingia katika damu na hata katika ubongo. Kiporo, ambacho sisi hukisifu kuwa kitamu kuliko chakula cha jana yake, kwa mgonjwa wa namna hii ni jambo la kuogopwa kuliko embe lililooshwa na kumenywa.

Miaka minne baada ya kifo cha shangazi, hatua iliyorukwa ilipimwa hatimaye. Mwaka 2008 watafiti wa Houston walitangaza matokeo ya wagonjwa 153 wa lukemia kali ya mieloidi, waliogawanywa kwa kura: nusu wasile tunda wala mboga ila iliyopikwa, na nusu wale vibichi. Maambukizo makubwa yaliwapata 29 katika kila 100 wa kundi la kwanza, na 35 katika kila 100 wa kundi la pili; tofauti ambayo kwa kanuni za hesabu yaweza kuwa ya bahati tu. Katika vifo hapakuwa na tofauti. Mwaka 2018 ilitolewa habari ya watoto 150 wenye saratani: waliozuiliwa vyakula vibichi waliambukizwa 35 katika 100, na waliofuata kanuni za usafi wa chakula peke yake 33 katika 100. Na mwaka 2023 watafiti wa Italia, kwa wagonjwa 222 waliopewa tiba nzito au kupandikizwa chembe za uboho, walikuta kwamba waliokula kwa uhuru hawakuwa na hali mbaya kuliko waliozuiliwa. Desturi ya miaka 40 ilipelekwa mbele ya hakimu, na haikupata shahidi wa kuitetea.

Je, tuseme basi kwamba hofu yote ilikuwa bure? La. Haki ya jambo yataka tuseme kwamba majaribio hayo hayakuthibitisha kwamba chakula hakidhuru. Makundi yote yalikula chakula kisafi, kilichooshwa na kutunzwa. Yaliyothibitishwa ni kwamba kukataza matunda juu ya usafi hakuongezi kitu. Usafi wenyewe hakuna aliyeuondoa, na ole wake auondoaye, kama zilivyoonyesha habari mbili za karne hii.

Habari ya kwanza ni ya Kansas. Mwaka 2015 iligunduliwa kwamba wagonjwa watano waliokuwa wamelazwa katika hospitali moja kwa maradhi mengine walipatwa na Listeria, na chanzo kilikuwa aiskrimu ya kiwandani iliyokorogwa na maziwa wakapewa kama kinywaji cha kuwapa nguvu. Watatu walikufa. Aiskrimu haikuwa tunda bichi; ilikuwa chakula chenye karatasi nzuri na sifa ya usafi. Habari ya pili yaturudisha Johannesburg. Tangu mwaka 2017 hospitali za Afrika ya Kusini zilianza kupokea wagonjwa wengi wa Listeria kuliko kawaida. Mwezi wa Januari 1918 haukuwa na chombo cha kuwafuatia. Mwezi wa Januari 2018 ulikuwa nacho. Watoto kumi wa shule ya chekechea huko Soweto waliharisha wakapelekwa hospitali, wakaguzi wakaenda kufungua jokofu la shule, wakakuta poloni, ile nyama ya kusaga iliyopikwa na kuvikwa ngozi, iliwayo baridi na watu wa kipato kidogo. Urithi wa bakteria ulisomwa herufi kwa herufi, ukawafikisha kwenye kiwanda kimoja. Tarehe 4 Machi 2018 waziri wa afya alilitangazia taifa. Hata tukio lilipokwisha, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 200 kufa, miongoni mwao watoto wachanga wengi. Ni tukio kubwa kuliko yote ya maradhi hayo yaliyopata kuandikwa, nalo lilitokea katika nchi ileile ambayo Pirie aliokota kiini katika panya na kukipa jina, miaka 90 kabla yake.

Nikiyatazama yote haya pamoja, naona mambo matatu. La kwanza ni kwamba elimu ilikwenda kwa njia ya hesabu. Bodey alihesabu chembe, Schlech alihesabu walaji wa kabichi, na watu wa Houston walihesabu wagonjwa wa makundi mawili. Mahali pote ambapo watu waliacha kuhesabu wakakisia, walizaa amri isiyo na msingi, na amri isiyo na msingi huishi miaka mingi kuliko aliyeitoa.

La pili ni kwamba amri ya kukataza ina gharama, hata ikionekana haina. Mgonjwa aliyekwisha kupoteza nywele, nguvu na ladha ya kinywa, akinyimwa na tunda alipendalo, hula kidogo zaidi. Na mwili usiokula haupigani. Kumnyima mtu furaha yake ya mwisho kwa ajili ya usalama ni jambo la haki ikiwa usalama upo. Ikiwa haupo, ni dhuluma isiyo na dhalimu, na dhuluma ya namna hiyo ni ngumu kuliko zote kuirekebisha, kwa kuwa kila aliyeitenda alikuwa mwema.

La tatu latuhusu sisi. Katika hospitali nyingi za nchi zetu jiko la mgonjwa ni jiko la nyumbani kwake, na chakula husafiri kwa miguu, kwa daladala na kwa matatu, katika vyombo vyenye mifuniko, saa moja au mbili juani. Haitufai karatasi iliyonakiliwa kutoka nchi ambayo hospitali humpikia mgonjwa wake. Twahitaji maneno yetu: mikono ioshwe kwa sabuni; nyama, samaki na mayai viive mpaka ndani; maziwa yachemshwe; maji yawe ya kuchemka; tunda lioshwe kwa maji hayo na limenywe mbele ya mgonjwa; chakula kiliwe kingali cha moto, na kilichobaki kiliwe na mwenye afya. Na daktari wa mgonjwa aulizwe, kwa maana aliyepandikizwa uboho na aliye katikati ya dawa kali si sawa na aliyekwisha kupata nafuu.

Methali yetu, basi, haijafa. Mgonjwa haulizwi uji; lakini aletaye uji na akubali kuulizwa, na aulizaye awe na sababu ya kuuliza. Lau sisi tungaliuliza vema mwaka ule, embe lingaliliwa na kiporo kingalitupwa.